Taa ya Sele (kikundi cha Wajukuu wa Bibi Mwanaisha, Muheza)

*Jumanne*

Sele, 20:51: Asalaam aleykum wana ukoo. Nimeshafika Muheza, ila leo nimeponea chupuchupu. Kule Longuza kwenye mitiki kuna gogo limelala nusu barabara. Naliona tayari liko mita 15. Nikakimbilia majani, gunia la iliki likabaki linaning'inia upande mmoja wa pikipiki.

Mama Sele, 20:53: Waleykum salaam. Mimi si nilikwambia safari za usiku uache?

Sele, 20:54: Mama, mtu ana mzigo Zirai unashuka saa kumi na mbili jioni, nimwambie alale nao? Shida ni taa. Hii taa koroboi.

Shangazi Mwajuma, 20:54: Koroboi afadhali, haikudanganyi kwamba unaona 😂 Pole baba.

Sele, 20:56: Hamza uko Kariakoo, nitafutie ile LED nyeupe ya macho mengi. Kama ya yule jamaa wa Kisiwani, akija mbele yako unafumba macho.

Mjomba Rajabu, 20:58: Akija mbele yako unafumba macho. Hebu rudia kusoma ulichoandika.

Sele, 20:58: Shikamoo mjomba 🙈

Mjomba Rajabu, 21:01: Marahaba. Ulikuwa spidi ngapi?

Sele, 21:01: Arobaini tu mjomba.

Mjomba Rajabu, 21:05: Arobaini kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Gogo umeliona mita 15. Una sekunde moja na kidogo, na hiyo sekunde mwenyewe unaimaliza kushtuka. Sisi tulioshusha chai na malori kutoka Kwamkoro sheria ilikuwa moja, usikimbie kupita pale taa yako inapofika. Sasa tuambie taa inafika wapi.

Sele, 21:06: Inapiga juu kwenye miti huko. Popo nawaona vizuri.

Hamza Dar, 21:07: 😂😂😂 abiria wako popo

Hamza Dar, 21:07: Kesho nakuchukulia, kaka. Elfu ishirini na tano. Naitia kwenye basi.

Idi Fundi, 21:15: Hamza tulia kwanza, usinunue. Sele, nenda kwenye pikipiki, fungua ufunguo bila kuwasha injini, halafu washa taa.

Sele, 21:19: Haiwaki. Honi inalia, indiketa zinawaka, taa ya mbele kimya.

Idi Fundi, 21:20: Na injini ikiwa silensa, hujavuta mafuta, taa inakuwaje?

Sele, 21:20: Inalala. Nikivuta mafuta inaamka.

Idi Fundi, 21:24: Basi taa yako inakula moja kwa moja kwenye koili, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, haipitii betri. Ule umeme unakwenda na kurudi, LED nyingi haziutaki. Ukiichomeka hapo itachezacheza kama taa ya disko, mwezi haujaisha imekufa, halafu utasema Hamza kakuuzia feki.

Hamza Dar, 21:25: Na kweli angesema.

Sele, 21:26: Kwa hiyo niendelee na popo?

Idi Fundi, 21:27: Njoo kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Njoo na mzigo.

Sele, 21:27: Mzigo wa nini tena?

Idi Fundi, 21:28: Njoo nao tu.

*Jumatano*

Idi Fundi, 10:40: (picha) Haya wana ukoo, tazameni hiyo boliti. Hapo ndipo waya wa athi wa taa, ule wa kurudishia umeme, unapokamata kwenye bodi. Mnaona nini?

Zaina, 10:42: Rangi ya kijani.

Idi Fundi, 10:44: Ndiyo. Mwaka jana ndugu yenu alipoipaka pikipiki rangi za Yanga, walipaka mpaka chini ya boliti ya athi. Umeme unapita kwa kubembeleza.

Hamza Dar, 10:44: Nilisema siku zote, Yanga ni giza.

Sele, 10:45: Hamza usianze.

Idi Fundi, 10:52: Nimepima na mita, injini inanguruma. Waya unaotoka kwenye regyuleta, kile kinachozuia umeme usizidi, una volti 12.8. Kwenye soketi ya glopu zinafika 11.3. Volti moja na nusu zimepotelea kwenye rangi, kutu, na swichi ya fuli na dimu, mwanga wa mbali na wa karibu, iliyojaa vumbi la Amani. Mtu atasema volti moja na nusu ni kitu gani. Glopu ya waya haiko hivyo. Ukiipunguzia volti sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu theluthi. Ndiyo maana ikawa ya njano kama uji wa dengu.

Shangazi Mwajuma, 10:55: Uji wangu wa dengu uacheni.

Mjomba Rajabu, 10:58: Hapo sasa mnazungumza. Kioo je?

Idi Fundi, 11:03: Kioo kimepauka, nimekisugua na dawa ya meno na kitambaa, kimerudi kiasi. Sio dawa ya kudumu, baada ya miezi michache kitapauka tena, lakini dawa ya meno ni bei gani? Ndani rifleka, ile bakuli inayorusha mwanga mbele, bado inang'aa, hiyo ni bahati. Ingekuwa imebabuka ningemwambia anunue taa nzima.

Sele, 11:05: Kuna mtu kijiweni aliniambia niweke glopu ya gari, ile ya wati 60.

Idi Fundi, 11:08: Usithubutu. Hiyo yako ni wati 35. Koili haina nguvu ya kulisha 60, na soketi itayeyuka kama mshumaa. Nimeshatoa mbili za hivyo mwaka huu, nyaya zimegandana na plastiki. Nimekuwekea 35 mpya ya elfu tano. Na nimekuzuia kushika kioo cha glopu kwa vidole, mikono ina mafuta ya chapati. Kioo kikipata mafuta kinachemka pale pale na glopu inakufa mapema.

Mama Sele, 11:10: Na huo mzigo mlisema wa nini?

Idi Fundi, 11:17: Hapo ndipo utamu ulipo mama mdogo. Nimeisimamisha mita 5 kutoka ukuta wa msikiti, Sele amekaa peke yake. Mwanga wa dimu uko mahali pake, vidole vitatu hivi chini ya urefu wa taa. Tukafunga gunia nyuma. Nyuma ikazama, pua ikainuka, mwanga ukaruka mpaka juu ya dirisha. Yeye kila siku anashuka Amani na kilo 60 mgongoni, taa imepangwa kwa mtu asiye na mzigo.

Mjomba Rajabu, 11:19: Ndiyo hao popo.

Idi Fundi, 11:22: Ndiyo hao. Nimekaza shokapu za nyuma, halafu nimeinamisha taa na gunia likiwa juu yake. Boliti moja tu chini ya kichwa cha taa, spana namba 10. Akishusha mzigo anairudisha mwenyewe, nimempigia alama mbili za rangi nyeupe.

Sele, 11:23: Rangi nyeupe na pikipiki ya kijani, inapendeza kumbe.

Hamza Dar, 11:31: Jamani. LED nilishanunua tangu saa mbili.

Zaina, 11:31: 😂😂😂😂

Hamza Dar, 11:32: Muuzaji amesema mali ikitoka hairudi. Na basi limeshaondoka nayo.

*Alhamisi*

Sele, 21:10: Nimeshuka salama. Kuanzia Shebomeza ukungu ulikuwa mzito, nimepiga fuli nikaona ukuta mweupe, nikarudi dimu. Barabara naiona mpaka mitaro. Longuza gogo bado lipo, leo nimeliona mbali nikasimama kabisa, nikalisukuma na wenzangu wawili.

Mjomba Rajabu, 21:14: Umefanya la maana. Na ile LED nyeupe ingekuwa mbaya zaidi kwenye ukungu.

Idi Fundi, 21:16: Rangi sio sana mjomba, ni pale mwanga unapopigwa. Rifleka hii imetengenezwa kwa ule waya mdogo wa glopu. Ukiweka LED yenye macho kila upande, mwanga unatawanyika juu na pembeni, ukungu unakurudishia usoni. Na anayekuja unampofusha.

Mjomba Rajabu, 21:18: Haya, nimejifunza uzeeni.

Sele, 21:19: Idi, LED imefika stendi. Siku nikipata hela si tunaweza kuifunga kwa betri?

Idi Fundi, 21:21: Tunaweza, kwa relei na fyuzi, ila iwe spotilaiti ya pembeni yenye kioo chake, na kwanza nipime kama betri inabaki juu ya volti 13 injini ikinguruma na taa ikiwaka. Hiyo ya Hamza sio ya huko.

Shangazi Mwajuma, 21:24: Hiyo LED ni ya volti ngapi?

Hamza Dar, 21:24: 12, shangazi.

Shangazi Mwajuma, 21:25: Betri yangu ya sola pale ninapouza mihogo ni 12. Ileteni.

*Ijumaa*

Zaina, 19:48: (picha) Mihogo ya shangazi leo inaonekana kutoka reli.

Mama Sele, 19:50: Mbona wateja wameshika mikono usoni?

Shangazi Mwajuma, 19:52: Idi njoo uigeuzie ukutani baba, hawaoni hela wanazonipa.