Rimoti ya kigari cha kuunda: FlySky FS-i6 au RadioMaster Pocket?

Mgosi_Ngamiani: Wagosi, habari za Tanga. Kigari changu kina mota mbili za waipa, moja kila upande, na minyororo ya baiskeli. Juu nataka kamera ya kugeuka pande zote, taa, na mkono wa kuokota chupa ufukweni. Nimehesabu chaneli 6, yaani amri sita tofauti za rimoti. Nichukue FS-i6, Pocket, au nijiundie kwa Arduino (kibodi cha kuprogramu) na nRF24L01 (kimoduli cha redio)?

FundiChumbageni: FS-i6, mgosi. Chaneli ni hizo hizo 6, na inakula betri 4 za AA ambazo hata dukani kwa Mangi zipo. Ila kijiti cha kushoto hakina springi ya kukirudisha katikati: ukikiachia kinabaki pale pale. Kwa ndege sawa, kwa kigari balaa. Mota zote mbili ziendeshe kwa kijiti cha kulia, kisha kwenye menyu washa Elevon ichanganye chaneli 1 na 2, ili kijiti kimoja kiendeshe na kukata kona.

Dada_Waya: Sita anazozihesabu leo kesho zitamwishia. Pocket ya ELRS (mfumo wake wa redio) inafika 16, na unapanga swichi utakavyo. Betri zake 2 za 18650 unanunua kando. Angalizo: kwa mpangilio inaokuja nao, chaneli ya 5 ni ya kuwasha na kuzima tu. Weka taa hapo. Mimi niliweka mkono, nikashinda siku nzima namlaumu fundi aliyeniuzia servo (mota ya kukunja mkono), kumbe maskini hana kosa.

Mvuvi_wa_Betri: Mnabishana chaneli, hamjauliza mawimbi yakikatika itakuwaje. Kigari changu kilikuwa na risiva, kile kipokea mawimbi, ya bei chee. Pale Raskazone rimoti iliisha chaji, risiva ikashikilia amri ya mwisho, kigari kikaenda mbele taratibu mpaka majini. Nilikikimbilia na suruali yangu ya Ijumaa. Bodi ilikufa kwa chumvi. Yoyote utakayochukua, weka failsafe, yaani amri ya kufuata mawimbi yakikatika, ya mota iwe katikati: 1500, mota zisimame.

FundiChumbageni: Kweli kabisa. Na hiyo ya Arduino achana nayo kwanza, hayo yote itabidi uyaandike mwenyewe.

Mgosi_Ngamiani: Basi FS-i6. Mkono utasubiri. Ikifika napandisha kigari juu ya matofali, magurudumu hewani, nizime rimoti nione.

Mvuvi_wa_Betri: Zima kikiwa mwendo kasi, si kimesimama.