Ushauri: tunaigiza Mabepari wa Venisi, matusi dhidi ya Myahudi tuyafute au tuyaache?

MleziWaKlabu:
Wakuu, naomba ushauri. Klabu ya maigizo ya sekondari inaandaa Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, tuicheze kwa saa moja. Kwenye mazoezi wanafunzi wanashangilia kila Shylock, Myahudi mkopeshaji, anapotukanwa. Mwenzangu anataka matusi yote yafutwe, na badala ya "Myahudi" tuseme "mkopeshaji". Mnaonaje?

KalamuKavu:
Mkifuta mnaharibu zaidi. Tendo la 1, Onyesho la 3, Shylock anamkumbusha Antonio, mfanyabiashara Mkristo, alivyomtemea mate na kumwita mbwa, naye Antonio anajibu kwamba huenda akamtemea tena. Na hapo amekuja kukopa! Ondoeni hayo, atabaki mzee anayetaka ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, dhamana ya mkopo huo, kwa sababu tu yeye ni Myahudi. Chuki hiyo mtakuwa mmeitengeneza ninyi.

Muda ukibana, kateni utani wa mtumishi Launcelot na babake (Tendo la 2, Onyesho la 2) na ule wa bei ya nguruwe (Tendo la 3, Onyesho la 5). Ila hotuba ya Shylock kwamba Myahudi naye ana macho na mikono, Tendo la 3, Onyesho la 1, isikatwe katikati. Wengi huishia pale panapogusa moyo, wakati hoja yenyewe inakwenda mpaka kwenye kisasi: ubaya mlionifundisha ndio nitakaoutenda. Bila kipande hicho Shylock anakuwa walii, na kisu chake mahakamani hakieleweki.

MtunzaRafu:
Wapeni kwanza robo saa ya historia. Mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi Uingereza mwaka 1290, na hawakuanza kuishi tena huko waziwazi mpaka 1656. Tamthilia hii ni ya miaka ya 1590, kwa hiyo watazamaji wake wengi walimjua Myahudi kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1594 daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Roderigo Lopez, mwenye asili ya Kiyahudi, aliuawa hadharani kwa tuhuma za kutaka kumpa Malkia sumu. Venisi nako, tangu 1516 walitengewa mtaa wao, Ghetto, malango yakafungwa usiku, na kazi nyingi wakazuiwa.

Hapa kuna mtego. Wanafunzi wetu, Waislamu kwa Wakristo, wamelelewa wakiambiwa riba ni dhambi, basi upesi wanasimama na Antonio, anayekopesha bila riba. Waulizeni zile ducat 3,000 (sarafu za dhahabu) zilikopwa za nini. Za rafiki yake Antonio, Bassanio, kwenda kuposa Portia, mwanamke tajiri! Na mahakamani Shylock anawauliza Wakristo wenye watumwa wa kununua kwa nini hawawaachi huru. Hakuna anayemjibu. Kwetu sisi wa pwani hii, maneno hayo yasikose.

Bint_Riwaya:
Msifute, ila Shakespeare naye msimsafishe. Shylock analazimishwa kuwa Mkristo, na mahakama inaliita hilo huruma. Kisha Tendo la 5 lote ni mbalamwezi na utani wa pete. Mwaka 1943, Vienna ikiwa chini ya Wanazi, tamthilia hii ilipandishwa jukwaani, mwigizaji Werner Krauss akiwa Shylock wa kuchukiza. Wasingeichagua kama haina pa kushikia.

Tena si Wayahudi peke yao. Mwana wa Mfalme wa Moroko anapokosea kasha katika mtihani wa wanaomposa Portia, Portia anaomba wote wa rangi yake wachague vivyo hivyo. Ndiye shujaa wetu huyo. Mwacheni aseme, tena kwa tabasamu.

MleziWaKlabu:
Nimewasoma. Na hilo la kubadili neno? Mavazi je?

KalamuKavu:
Kubadili neno, mwandishi wa riwaya Mwingereza Charles Dickens alishajaribu. Eliza Davis, mwanamke Myahudi, alimwandikia mwaka 1863 kulalamikia Fagin, Myahudi mwovu wa riwaya yake Oliver Twist. Katika toleo la 1867 akaondoa "Myahudi" sehemu nyingi akaweka jina. Fagin akabaki yule yule, mfunza watoto wizi.

Mavazi: pua ya bandia na wigi jekundu, hapana. Mwigizaji Edmund Kean aliachana na wigi hilo London tangu 1814.

Gratiano, anayemzomea Shylock mahakamani, mpeni mwanafunzi anayechekesha kuliko wote. Ukumbi utacheka naye mwanzoni. Shylock akishasema hajisikii vizuri, Gratiano bado anamtania kuhusu ubatizo. Hapo achekeshe vile vile, asipunguze, na taa za upande wa watazamaji ziwe zinawaka.

MtunzaRafu:
Tafsiri bado ina hakimiliki. Mwandikieni mchapishaji kabla ya kubandika matangazo.