Printa ya ofisi haiunganishwi baada ya sasisho la usalama: naomba ushauri

Katibu Muhtasi:
Wakuu, habari za kazi. Ofisi ya shule yetu ina printa moja tu, iliyochomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta yangu, na mhasibu pamoja na mwalimu wa taaluma huitumia kupitia mtandao wa ndani. Kompyuta zote ni Windows 10. Yangu ilikaa muda mrefu bila masasisho kwa sababu ya gharama za bando. Ilipopata intaneti ya uhakika iliyapakua yote, na tangu hapo mimi nachapa vizuri, lakini wenzangu wakijaribu wanaambiwa kwamba Windows haiwezi kuunganisha printa, pamoja na namba 0x0000011b. Nimezima na kuwasha ruta, nimeiondoa printa na kuiweka upya, hali ni ileile. Mitihani ya muhula inasubiri kuchapwa, na kwa kweli sipendi kuona maswali yakizunguka kwenye flashi. Je, niliondoe sasisho hilo?

Mdau wa Stationery:
Pole sana, dada. Mimi ningeliondoa, kazi iendelee, kwa kuwa mitihani haisubiri.

Fundi Mitandao:
Ndugu Mdau, naelewa haraka iliyopo, lakini ushauri huo sikubaliani nao. Masasisho ya Windows 10 hubeba marekebisho ya miezi iliyotangulia, hivyo ukiondoa la leo, lijalo litarudisha hali hiyohiyo, na katikati hapo kompyuta inabaki wazi.

Dada, namba uliyoitaja inafahamika. Januari 2021 uliwekwa ulinzi mpya katika mawasiliano baina ya kompyuta yenye printa na zile zinazoiomba, na kuanzia masasisho ya Septemba 14, 2021, ulinzi huo ukawa wa lazima. Kompyuta yako sasa inautaka. Ikiwa za wenzako hazijasasishwa tangu kabla ya Januari 2021, haziwezi kuutimiza, ndiyo maana zinakataliwa. Kwa hiyo anza kwa kuzisasisha hizo mbili.

Wapo watakaokuelekeza uingie kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, na kuupa mpangilio wa RpcAuthnLevelPrivacyEnabled, unaowasha ulinzi huo, thamani ya 0. Printa itakubali, ila utakuwa umezima ulinzi wenyewe, jambo ambalo nisingelifanya kwenye mashine inayotunza mitihani.

Katibu Muhtasi:
Nashukuru sana, kaka. Ya mwalimu wa taaluma imesasishwa na inachapa. Ya mhasibu nayo imesasishwa, lakini sasa inadai nywila ya msimamizi wa kompyuta (administrator) kabla ya kuweka draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa, na mhasibu hana nywila hiyo.

Fundi Mitandao:
Hilo ni jambo jingine, nalo lilikusudiwa. Julai 2021 iligundulika kasoro kubwa, maarufu kama PrintNightmare, katika huduma ya uchapaji iitwayo Print Spooler, ambayo ilimwezesha mvamizi kuendesha programu akiwa na mamlaka yote ya kompyuta. Kuanzia masasisho ya Agosti 10, 2021, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuweka draiva ya printa bila idhini ya msimamizi. Mwombe anayeshika nywila aje aiweke yeye mwenyewe. Usimpe mhasibu akaunti ya msimamizi kwa sababu ya printa tu.

Ikiwa 0x0000011b itajitokeza tena hata baada ya hapo, msimamizi akiwa bado yupo, aongeze printa kwa mkono kwenye kompyuta ya mhasibu: achague Local Port, aandike \\jina-la-kompyuta-yako\jina-la-printa, kisha achague draiva iliyokwishawekwa. Majina hayo yaandikwe kama yalivyo kwako, kwa maana herufi moja ikikosewa haitaipata printa.

Mdau wa Stationery:
Nimekuelewa, Fundi, nami naufuta ushauri wangu. Dada, mkiwa mnasubiri msimamizi, mhasibu ahifadhi nyaraka zake kwenye folda iliyoshirikishwa yenye nywila, nawe umchapie kutoka kwako. Flashi hazitahitajika.