Nimenenepa tangu nije Tanga: ni kabila au ni chipsi?

Binti_Lushoto: Wakuu, habari za humu. Niko chuo mwaka wa pili, hapa Tanga mjini. Nilishuka kutoka Lushoto na kilo 58, juzi mzani umesoma 71. Urefu sentimita 158. Sketi niliyoshonewa ya kuanzia chuo naifunga kwa pini, kipindi kikirefuka pini inanichoma.

Chumbani tuko watatu. Mmoja Mdigo wa hapahapa, anasema nimenawiri, niache kujitafutia maradhi. Mwingine Mhaya, kila alfajiri anakimbia mpaka Raskazone na kurudi. Darasani kuna kaka wa Kihindi, kilo 68 kwa sentimita 168, ukimwona mwembamba tu, lakini daktari kamwambia aangalie uzito! Kumbe kila kabila lina mzani wake? Na shangazi aliponiona Idi akasema, "Sasa ndiyo umekuwa mtu." Naombeni ushauri, matusi hapana.

Mkonge_Mkavu: Kabila gani, dada? Chipsi mayai mara ngapi kwa wiki?

Binti_Lushoto: Mkuu... nne. Mitihani ikikaribia, tano.

Nesi_wa_Zamani: Mdogo wangu, gawanya kilo zako kwa urefu mara urefu, kwa mita. Unapata kama 28. Kwa WHO, 25 kwenda juu ni uzito uliozidi, 30 ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Huyo kaka yuko 24, na daktari wake hakukosea: mwaka 2004 wataalamu wa WHO walishauri watu wa asili ya Asia waanze kuangaliwa wakifika 23, maana kisukari huwawahi wangali wembamba, mafuta yamejificha tumboni. Hilo ni la mwili. Lako wewe naona ni mazoea. Kwenu ulipanda mlima na kushuka kila siku ya shule, wala hukuyaita mazoezi. Hapa tambarare, na bajaji iko mlangoni.

Mwana_Ngamiani: Kabla nazi haijasingiziwa, niseme. Bibi yangu Mdigo kala bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa nazi maisha yake yote, ila shambani alikwenda kwa miguu, na wali ulipikwa akija mgeni. Sisi wajukuu tumeshika nazi, miguu tumeiacha. Tanga mji wa baiskeli huu, dada, azima moja. WHO wanataka angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Na hizo chai za kukata tumbo zinazotembezwa hosteli usiguse. Dada yangu aliharisha wiki nzima, kilichopungua ni pesa.

Binti_Lushoto: Asanteni sana. Chai nilishalipia nusu, basi iishie hapo. Baiskeli ya Mdigo wangu nimeomba, breki ya nyuma tu haishiki. Sasa nikipungua, shangazi nitamwambiaje?

Mkonge_Mkavu: Mwambie boom la mkopo wa chuo limechelewa.