Gitaa langu linapatana na Queen wa Wembley lakini linagombana na Queen wa Montreal: tatizo liko wapi?

Msolo wa Chumbageni

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, naomba msaada wenu katika jambo lililoninyima raha kwa wiki tatu sasa.

Nina diski mbili za maonyesho ya bendi ya Queen ya Uingereza. Moja ni ya uwanja wa Wembley, London, Julai 1986, na niliinunua ikiwa halisi. Nyingine ni ya ukumbi wa Forum mjini Montreal, Kanada, Novemba 1981, na hiyo ni nakala niliyochomewa na rafiki ambaye naye alichomewa na mwingine. Kila jioni nikitoka kazini huwasha deki, nikaunganisha amplifaya yangu ndogo, nikakaa mbele ya runinga na kumfuatisha Brian May, mpiga gitaa wa Queen, nota kwa nota, kwa kuwa hapa Tanga sijapata mwalimu wa solo anayeupiga muziki wa aina hii, na naona mwalimu anayekubali kurudia jambo lilelile mara hamsini bila kuchoka ana thamani kubwa.

Kwenye diski ya Wembley mambo yanakwenda vizuri. Nikishatyuni gitaa kwa kifaa, sauti yangu inaingia ndani ya sauti ya bendi kana kwamba nimesimama nao jukwaani. Nikiweka diski ya Montreal, gitaa lilelile, lenye nyuzi zilezile ambazo sijazigusa, linakuwa chini yao. Nimejaribu kuhamisha vidole mbele kwa nusu toni, nikajikuta niko juu yao. Yaani wimbo mzima umekaa mahali ambapo shingo ya gitaa langu haina. Je, bendi ilikuwa inakaza nyuzi kwa namna nyingine mwaka 1981? Au deki yangu imechoka? Naomba pia maoni yenu kuhusu onyesho lipi linafaa zaidi kwa mtu anayejifunza, kwa sababu nikiwa mkweli, pamoja na kero yote hiyo, ninavutiwa zaidi na la Montreal na sijui kueleza kwa nini.

Mzee wa Mikanda

Mwanangu, deki yako haina kosa, na bendi nayo haina kosa. Mimi niliendesha duka la kuazimisha mikanda ya video Mombasa kwa miaka mingi, na jambo hili nimekutana nalo tangu enzi za kanda, ingawa wateja wangu wengi hawakuwa wanamuziki na hawakulitambua.

Onyesho la Wembley lilichukuliwa kwa kamera za televisheni za Uingereza, kwenye mkanda wa video, kwa mfumo wa PAL, ambao ndio mfumo tulioutumia huku kwetu pia. Picha zake ni 25 kwa kila sekunde, na zinapooneshwa kwako zinabaki 25 kwa kila sekunde. Hakuna kilichobadilishwa njiani. Onyesho la Montreal halikuchukuliwa kwa mkanda wa video bali kwa filamu ya sinema ya milimita 35, chini ya mwongozaji Saul Swimmer, kwa usiku mbili, tarehe 24 na 25 Novemba 1981, na filamu ya sinema hupita nyuma ya lenzi kwa picha 24 kwa sekunde. Sasa mtu akitaka kuitia filamu ya picha 24 katika mfumo wa picha 25, njia nyepesi kuliko zote ni kuiendesha haraka kidogo. Jicho halioni tofauti. Sikio la mpiga solo linaiona mara moja, kwa sababu sauti nayo imekimbizwa, na sauti ikikimbizwa hupanda.

Tupige hesabu. Nota ya A ambayo kifaa chako kinaitambua ina mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiizidisha kwa 25 na kuigawa kwa 24, unapata karibu 458. Nota inayofuata kwa nusu toni ina mitetemo 466. Kwa hiyo wenzako wa Montreal wamekaa kwenye 458, juu ya kidole chako cha kwanza na chini ya kidole chako cha pili, na ndiyo maana ukasema wako mahali ambapo shingo ya gitaa lako haina. Watengenezaji waangalifu huirekebisha sauti kabla ya kuuza, lakini nakala iliyopita mikononi mwa watu kadhaa huenda mmoja wao aliibadilisha mfumo kwa kompyuta bila kujua alichokifanya.

Usiyakubali maneno yangu bure. Sauti ya onyesho hilo ilitolewa pia kwenye CD mwaka 2007. Tafuta kipande kinachochukua sekunde 100 kwenye CD, kisha ukipime kwenye diski yako. Kikitoka sekunde 96, tumemkamata mwizi.

Amplifaya

Maelezo ya mzee yametosheleza upande wa mwendo, nami naomba kuongeza machache ya upande wa usikivu, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza spika na kufunga mitambo ya sauti hapa Morogoro.

Diski nyingi za maonyesho huwa na njia mbili za sauti: ya spika mbili, na ya spika zinazomzunguka msikilizaji. Katika njia ya pili, sauti ya mwimbaji mara nyingi huwekwa zaidi kwenye spika ya kati, na kelele za watazamaji huwekwa nyuma. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta sabufa imefungwa na spika mbili tu, ile ya kati iko kwenye boksi lake chini ya kitanda, na mwenye nyumba analalamika kwamba mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili. Kama huna spika zote, ingia kwenye orodha ya mwanzo ya diski na uchague njia ya spika mbili. Usiache deki ikuchagulie.

Halafu punguza sabufa. Najua watu wa kwetu tunapenda kishindo kinachotikisa vyombo kabatini, lakini besi ya John Deacon haikupigwa ili itikise vyombo. Ni mistari yenye nota nyingi zinazotembea, na kwenye onyesho la Montreal unaweza kuzihesabu moja moja, kwa sababu jukwaani hakuna mwingine wa kumsaidia. Ukiongeza sabufa kupita kiasi nota hizo zote hugeuka kuwa mngurumo mmoja.

Jambo la mwisho ni la runinga. Runinga mpya bapa huwa na chombo ndani yake kinachobuni picha za ziada katikati ya zile halisi ili mwendo uonekane laini. Kwa mpira wa miguu ni sawa. Kwa filamu ya Montreal kinaharibu kabisa, kwani kinaifanya sinema ionekane kama taarifa ya habari. Kitafute kwenye mipangilio ya picha na ukizime.

Bint wa Shangani

Mimi si fundi wala si mpiga gitaa, lakini umeuliza kwa nini Montreal inakuvutia zaidi, na hilo ninalo la kusema, kwa sababu maonyesho hayo mawili nimeyatazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, katika mji huohuo wa Zanzibar alimozaliwa mwimbaji wake, Farrokh Bulsara, tarehe 5 Septemba 1946, kabla dunia haijamjua kwa jina la Freddie Mercury.

Wembley ni sherehe. Zaidi ya watu 70,000 kwa kila usiku kati ya usiku mbili, koti la manjano, taji na joho mwishoni, na uwanja mzima unaomjibu sauti kwa sauti kama darasa la madrasa linavyomjibu mwalimu. Siidharau hata kidogo. Lakini kamera muda mwingi iko mbali, maana ililazimika kuwaonyesha watu wote hao, na pembeni ya jukwaa yuko Spike Edney akisaidia kwa kinanda. Montreal ni watu wanne tu. Freddie anaimba, anakimbia, anarudi kwenye piano na kuipiga mwenyewe, anainuka tena, na kamera iko karibu mno kiasi kwamba unaona jasho kwenye masharubu. Inasemwa na bendi yenyewe kwamba uhusiano wao na mwongozaji haukuwa mzuri siku hizo, na mimi ninaamini hasira ile imo ndani ya onyesho: wanapiga haraka, kwa ukali, na hakuna anayejipendekeza kwa kamera.

Nakupa sehemu moja uitazame. Katika Bohemian Rhapsody inafika mahali pa kwaya, pale panaposikika neno Bismillah. Mara ya kwanza nilipotazama na mama yangu aliniuliza, "Wamekwenda wapi hawa?" kwani jukwaa lilikuwa tupu, taa na moshi tu. Sauti zile zilirundikwa studio tabaka juu ya tabaka, na watu wanne hawawezi kuziimba zote kwa pamoja. Wangeweza kusimama na kufumbua midomo wakijifanya wanaimba. Wao waliondoka jukwaani, wakauacha mkanda wa studio usikike wenyewe, kisha wakarudi kwa kishindo pale gitaa linapoingia. Mimi huuheshimu uamuzi huo kila ninapouona.

Ukimaliza hayo mawili, tafuta pia onyesho la Budapest la tarehe 27 Julai 1986, ambalo nalo lilichukuliwa kwa filamu. Freddie anaimba pale wimbo wa jadi wa Wahungari kwa lugha yao, na maneno ameyaandika kiganjani. Anayasoma waziwazi huku akiimba, na uwanja mzima unaimba naye.

Msolo wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam ana CD ile ya 2007. Alinipimia kipande kwa saa ya simu, kuanzia pigo la kwanza la ngoma hadi bendi iliponyamaza, akapata dakika mbili na sekunde tano. Kwenye diski yangu kipande kilekile kilichukua dakika mbili kamili. Nilipima mara tatu. Sekunde 125 zimekuwa 120, sawasawa na hesabu ya 25 na 24.

Sasa je, nikaze nyuzi zifike kwenye 458, au kuna njia nyingine?

Mzee wa Mikanda

Marahaba mwanangu. Usikaze. Nyuzi zitabeba mvuto zaidi kwa karibu asilimia 8 na nusu, na kama gitaa lako ni la umri wa makamo, daraja lake halitakushukuru. Irekebishe sauti yenyewe. Itoe kwenye diski, ifungue kwenye programu ya Audacity, na uipunguze mwendo kwa asilimia 4. Chagua amri inayobadilisha mwendo na sauti kwa pamoja, usichague ile inayobadilisha mwendo peke yake, la sivyo utapata bendi inayopiga polepole lakini bado iko juu yako. Hiyo itakutosha kwa mazoezi, nawe fanya mpango wa kupata diski halisi ya Montreal, ambayo picha zake zilisafishwa upya kutoka kwenye filamu yenyewe.

Na kwa kuwa wewe ni msolo, iangalie mikono ya Brian May katika solo yake ya peke yake. Anapiga kifungu, mashine ya mwangwi inamrudishia, naye anapiga kifungu kingine juu ya kile kilichorudi, kisha cha tatu, hata ukadhani wako watatu. Gitaa lile alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, na shingo yake ilitokana na mbao za jiko la kuotea moto la zamani. Hatumii kipande cha plastiki kupigia nyuzi. Anatumia sarafu ya Kiingereza ya peni sita, na ule mkwaruzo mdogo unaousikia mwanzoni mwa kila nota ni ukingo wa sarafu. Kwenye filamu hii utaiona kati ya vidole vyake. Kama hapo nyumbani kuna mtu mzima aliyehifadhi fedha za zamani, muombe sumuni, ile sarafu ya senti hamsini.

Msolo wa Chumbageni

Nimerudi kutoa taarifa. Sauti nimeipunguza kwa asilimia 4 kama ulivyosema, na jana jioni kwa mara ya kwanza nilipiga na Montreal kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kugusa kitufe hata kimoja cha kukazia nyuzi. Ile A yao na A yangu ni moja. Njia ya spika mbili nimeichagua, sabufa nimeipunguza, na kweli besi imeanza kutembea.

Sumuni nimeipata kwa mama, kwenye kopo la vifungo, ile yenye picha ya sungura. Meno ya ukingo wake yanakwaruza uzi kama alivyosema mzee, isipokuwa uzi mwembamba wa kwanza umekatika nikiwa kwenye kifungu cha tatu cha solo, na leo nimekwenda dukani kununua nyuzi seti mbili.