Kamera ya OM-1 hapa Goma: lava inatoka kijivu, ziwa linatoka giza

Himbi35
Wakubwa, habari zenu. Natembea na kamera ya Olympus OM-1 na filamu ya HP5 Plus, ya nyeusi na nyeupe, kutoka mtaa wa Birere hadi ufukweni mwa Ziwa Kivu, mshale wa kipimo cha mwanga nikiuweka katikati kila mara. Mawe ya lava yanatoka kijivu, weusi wake haupo kabisa. Ziwani ni kinyume: walio kwenye mtumbwi wanatoka vivuli tupu. Betri ni LR625 mpya. Kasoro iko kwenye shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), dawa ya kusafishia filamu au kipimo?

FilamuKivu
Anza na negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa. Angalia namba za pembeni, zile zinazochapwa kiwandani. Zikiwa nyeusi na kali, usafishaji uko sawa. Zikiwa hafifu, dawa imechoka, ilikuwa baridi au muda haukutosha. Kwa HP5 katika dawa ya ID-11 iliyozimuliwa 1+1 (dawa na maji sawa kwa sawa) ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji yakiwa nyuzi 24, dakika 9 hivi.

Ila nadhani dawa haina kosa. Kipimo hakijui kwamba kinatazama jiwe jeusi. Kila kilicho mbele yake hukichukulia kuwa kijivu cha kati, kwa hiyo kwenye lava kinakudai mwanga mwingi kupita kiasi. Punguza stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga): kikisema 1/250 ya sekunde kwa tundu la lenzi la f/8, piga 1/500 kwa f/11. Maji yanayong'aa jua hukidanganya upande wa pili, na hapo ndipo watu wanapozama gizani.

Njia rahisi: pima kiganja chako, kikiwa kwenye jua lile lile linalomwangaza unayempiga, kisha ongeza stopu moja. Kiganja, si mgongo wa mkono. Rangi za ngozi zetu zinatofautiana sana, viganja si sana. Ukipima uso mweusi kwa karibu, punguza stopu moja.

Mzee_Majengo
FilamuKivu amesema kweli, lakini ameiruka betri. OM-1 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35. LR625 ina 1.5, na ziada hiyo inausukuma mshale, kamera ikadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Matokeo yake picha zinakosa mwanga. Kwenye lava kosa hilo linaficha sehemu ya kosa la kwanza, kwenye ziwa yote mawili yanavuta upande mmoja. Ndiyo maana ukibadilisha betri tu, lava itazidi kuwa kijivu! Rekebisha vyote kwa pamoja.

Tafuta betri ya 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, volti 1.4, inatosha.

Himbi35
Asante mzee. Hiyo 675 si ndogo kwa chumba cha betri?

Mzee_Majengo
Ni ndogo, italegea. Izungushie kipete cha mpira kama vile vya bomba. Bandua karatasi inayoziba vitundu vyake, iache dakika moja au mbili ivute hewa, ndipo uiweke. Vitundu vyake usivizibe kwa gundi wala utepe, itakufa. Ikishafunguliwa inaendelea kuisha hata kama hupigi picha, basi weka akiba mfukoni. Ikizima ukiwa njiani usirudi nyumbani, shata ya OM-1 haitegemei betri. Piga bila kipimo, HP5 kwenye jua kali: 1/500 kwa f/16. Mawingu mepesi f/11, mazito f/5.6.

FilamuKivu
Jambo la mwisho: chungulia kitafutio, kile kidirisha cha kuangalilia. Ukiona madoa meusi yasiyosogea ukigeuza lenzi, ni sponji ya juu ya prizma (kioo cha pembe kilicho ndani ya kitafutio) inayooza na kula rangi ya kioo chake. Haiharibu picha, ila ukiiacha itakula zaidi. Sponji ya bawaba ya mlango iguse kwa kijiti: ikinata kama lami, ikwangue, safisha kwa spiriti, weka uzi mweusi wa sufu. Usipoibadilisha, mwanga utapenya na kuacha mistari kwenye filamu.

Na kamera iwe ndani ya mfuko ukipita karibu na mpaka, uwanja wa ndege au wenye silaha.