Je, faili la RAR linaweza kuandika nje ya folda niliyoichagua?

Mwenye Duka, Chake Chake
Assalaamu alaykum. Ninaendesha duka la kuchapisha na kutoa fotokopi, na kutwa wateja huniletea kazi zao kwa flashi au barua pepe, nyingi zikiwa zimebanwa kwa RAR au ZIP. Kila moja huifungulia ndani ya folda ya mteja mwenyewe, nikiamini kwamba chochote kibaya kitabaki humo mpaka nikibonyeze. Kijana mmoja ameniambia kuwa kinga hiyo haitoshi. Je, ni kweli?

Fundi wa Mkoani
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ni kweli, na ni jambo la kutiliwa maanani. Kila kilichomo ndani ya faili lililobanwa huambatana na njia yake, na anayeiandika njia hiyo ni aliyelitengeneza faili. Akitia nukta mbili na mkwaju, yaani ../, mara kadhaa, huiamrisha programu ipande folda moja baada ya nyingine kisha ishukie anapopataka yeye. Programu isiyokagua hutii. Wahalifu hupenda folda ya Startup ya Windows, kwa kuwa kilichomo humo hujiendesha chenyewe mtumiaji anapoingia tena kwenye mashine.

Mwaka 2019 Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walifichua kasoro ya aina hii iliyodumu ndani ya WinRAR, programu ya kufungulia mafaili ya RAR, kwa takriban miaka 19, katika sehemu inayosoma mafaili ya ACE, aina nyingine ya mafaili yaliyobanwa. Julai 2025 ESET, kampuni nyingine ya usalama, wakagundua nyingine, iliyopewa namba ya utambulisho CVE-2025-8088, ambayo tayari ilikuwa ikitumiwa kupitia mafaili yaliyojifanya maombi ya kazi: mpokeaji aliona waraka mmoja tu, ilhali mengine yaliyofichwa yakienda kwengine. Toleo 7.13 lilirekebisha hilo, lakini WinRAR haijisasishi yenyewe, na mashine nyingi za madukani bado zina toleo la siku ile zilipowekewa Windows. Tafadhali tazama namba ya toleo lako leo hii.

Mwenye Duka, Chake Chake
Shukran sana. Yangu ni 5.61. Je, antivirasi haingeizuia?

Fundi wa Mkoani
Huenda ikalitambua faili baya linalojulikana. Kasoro yenyewe haiizibi. Sakinisha toleo jipya kutoka tovuti ya watengenezaji kabla hujafungua kazi nyengine.

Mwandishi wa Programu, Unguja
Naomba niongeze kwa wenzangu tunaotengeneza mifumo inayopokea ZIP, kwani kasoro hii humo pia imo. Snyk, kampuni ya usalama wa programu, waliieleza mwaka 2018 kwa jina la Zip Slip, wakaikuta katika maktaba nyingi, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari kutumiwa na waandishi wa programu, hasa za lugha ya Java. Kutafuta ../ na kuifuta hakutoshi. Kokotoa kwanza njia kamili ya mwisho, kisha hakikisha imo ndani ya folda iliyokusudiwa, ukilinganisha pamoja na mkwaju wa mwisho, kwa sababu /data/kazi-siri nayo huanza na /data/kazi. Viungo vya ishara (symlink), yaani mafaili yanayoelekeza tu mahali pengine, navyo vikataliwe, maana jina la kiungo huweza kuonekana safi huku chenyewe kikielekeza nje.